Tulipanda kilima na vidonge mfukoni

Wamama wenzangu, siku ya Mungu iliyopita nilifanya safari fupi hapa hapa kwetu Kalemie. Toka kando ya ziwa mpaka juu ya kilima ni nusu saa kwa miguu, lakini nimerudi na mawazo mengi.

Nilikuwa nikimsindikiza jirani yangu, mama muuza ndakala. Mtoto wake, ambaye nilimfundisha mwaka wa tatu, anaugua kifafa. Tangu mwaka jana anameza vidonge kila siku, na kuanguka kumepungua sana. Sasa mama ameambiwa kwamba huko kilimani kuna watumishi wanaoombea wagonjwa, na kwamba dawa hazitahitajika tena. Akaniambia: «Mwalimu, wewe umesoma. Twende ukaangalie.»

Tukapita sokoni kati ya mabeseni ya samaki na pikipiki, tukaanza kupanda. Huko juu ukigeuka unaona maji mpaka macho yanachoka. Ng'ambo ni Tanzania. Mtoto alikuwa mbele yetu akirusha mawe, mwenye furaha.

Mahali penyewe ni turubai, miti na viti vya plastiki. Sitawadanganya: niliimba nao, na nyimbo zilinigusa. Mjane mmoja alilia, na wamama watatu wakakaa naye chini wakimshika mikono. Faraja kama hiyo ni kitu kikubwa, na wengi wetu hatuipati tukipanga mstari kwenye kituo cha afya.

Baada ya sala, jirani yangu aliuliza: «Na vidonge vya mtoto?» Jibu lilikuja haraka: «Ukiendelea na dawa, imani yako ni nusu.» Mimi nikaomba kumsalimia mtu mmoja aliyepona kifafa hapo. Nikaambiwa wote wamerudi vijijini. Halafu tukaonyeshwa bahasha: kabla ya kuombewa peke yako, unatoa franka kufuatana na ugonjwa.

Nilikumbuka mambo ya mwaka 2011, huko ng'ambo. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema Mungu alimwonyesha dawa ya mti katika ndoto. Watu walimwita Babu. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500 tu za Tanzania, na alisema kinaponya hata ukimwi na kisukari. Magari yalipanga mstari kilometa nyingi. Wakubwa wa serikali nao walikwenda kunywa. Wagonjwa wengine walitolewa hospitalini wakafia njiani wakingoja zamu yao. Wengine wenye virusi vya ukimwi waliacha vidonge vyao, wakadhoofika. Mzee alikuwa mpole, na bei ilikuwa ndogo. Kwa hiyo, wamama, bei ndogo na upole havitoshi kutuonyesha kama mahali ni pa kuaminiwa.

Kipimo changu nakipata katika Injili ya Luka, sura ya 17. Wakoma kumi walimlilia Yesu, naye akawatuma kwa makuhani. Kwa nini? Kwa sheria ya Musa, kuhani ndiye aliyechunguza ngozi na kusema kama mtu ametakasika. Yesu hakuogopa kazi yake ichunguzwe na wengine. Wala hatusomi kwamba aliwadai kitu.

Basi, mahali pa maombi panapokuambia «nenda kwa daktari akupime, ukikuta umepona tumshukuru Mungu pamoja», hapo unaweza kukaa. Panapokukataza kipimo, panapokutupisha dawa, panapotaka uje peke yako bila mume wala dada, hapo funga kikwembe chako vizuri uende nyumbani. Na kwa kifafa tusicheze: dawa ikikatwa ghafla, mtoto anaweza kuanguka mara nyingi mfululizo, na kuanguka kwa namna hiyo kunaweza kuua. Kuipunguza au kuiacha ni neno la daktari.

Tulipokuwa tukishuka, jirani yangu hakusema kitu mpaka tulipofika sokoni. Hapo akatoa kidonge cha jioni kwenye fundo la kikwembe, akanunua maji ya kunywa, akampa mtoto. Lakini akaniambia: «Mwalimu, bado ninataka kurudi. Pale walinishika mkono.»

Sikumgombeza. Nimemwambia nitapanda naye tena akitaka, mradi vidonge vije nasi. Jambo linaloniuma ni lile neno lake la mwisho. Tunakaa mlango kwa mlango miaka sita, na alipanda kilima kizima kutafuta mkono wa kumshika. Tukikutana juma hili, tuanze na hilo: nani kati yetu ana mgonjwa nyumbani, na nani atakwenda kukaa naye?