Mwalimu Aliyeninyang'anya Mpira

Wasomaji wenzangu, hapa Uganda vijana wengi hucheza kandanda, na wachache tu hucheza besiboli. Mimi ni mmoja wa hao wachache, na kazi yangu ni kurusha mpira. Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo, futi 60 na inchi 6 kutoka mahali pa mpigaji, naye hurusha kwa nguvu na werevu ili mpigaji aukose kwa gongo lake. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Williamsport, Marekani, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League. Tangu hapo wengi wetu tumeota kuwa warushaji.

Basi, muhula uliopita tulicheza na shule ya jirani. Siku ile mkono wangu ulikuwa mwepesi, na hata kipindi cha mwisho tulikuwa tukiongoza kwa pointi moja. Lakini nilianza kusikia maumivu upande wa ndani wa kiwiko, kama mtu anayenichoma sindano. Sikumwambia mtu. Nilijipangusa jasho nikaendelea.

Mwalimu wetu wa michezo alikaa kwenye benchi na punje za mahindi mfukoni. Kila niliporusha mpira alihamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia hadi mfuko wa kushoto. Ilipohama punje ya 95 alisimama, akaja kwangu polepole, akanyosha mkono.

"Nipe mpira, mwanangu."

"Mwalimu, nakuomba. Wamebaki wapigaji wawili tu."

"Najua. Nipe mpira."

Nilimpa, lakini kwa hasira. Mwenzangu aliyeingia badala yangu alipigiwa mipira miwili mizuri, tukashindwa. Jioni ile sikula chakula, na kwa wiki nzima nilimwamkia mwalimu kwa mdomo tu, moyo ukiwa mbali.

Hata siku moja akaniita, akasema, "Nenda maktaba ukasome habari za watu wafanyao kazi hii huko Marekani. Kisha uje uniambie kama nilikukosea."

Nilisoma kwamba timu za vyuo vikuu vya huko huwa na mwalimu mkuu, na chini yake yupo mwalimu wa warushaji peke yao. Huyu hutazama jinsi mguu unavyokanyaga, bega linavyozunguka na vidole vinavyoshika mshono wa mpira. Siku hizi hupima kwa mashine mwendo wa mpira na mizunguko yake hewani. Tena husaidia kupanga nani arushe leo na nani apumzike. Watazamaji humwona tu anapotoka kwenda kilimani, akasema maneno mawili matatu, akarudi zake.

Nilipendezwa na habari za Wes Johnson. Alianza kufundisha katika shule za sekondari za Arkansas, mahali ambapo hakuna sifa kubwa. Kutoka huko alipanda ngazi moja moja: Central Arkansas, Dallas Baptist, Mississippi State, kisha chuo kikuu cha Arkansas, ambacho mwaka 2018 kilifika fainali ya vyuo kule Omaha kikashindwa na Oregon State. Mwisho wa mwaka ule Minnesota Twins, timu ya ligi kubwa ya kulipwa, ilimchukua moja kwa moja kutoka chuoni, jambo ambalo ni nadra sana. Mwezi Juni 2022, katikati ya msimu, aliwashangaza watu kwa kuiacha ligi kubwa na kurudi kufundisha chuoni, katika Louisiana State University. Chuo hicho kilitwaa ubingwa mwaka 2023, naye akachaguliwa kuwa mwalimu mkuu wa timu ya Georgia.

Lakini lililonigusa zaidi ni habari za fainali ile ya 2023. Mrushaji hodari wa Louisiana alikuwa Paul Skenes, aliyewatoa wapigaji 209 kwa kuwakosesha mpira msimu ule. Alirusha vipindi 8 katika mchezo wa kuingia fainali. Katika mchezo wa pili wa fainali wenzake walipigwa 24 kwa 4, na bila shaka wengi walitamani kumwona kilimani siku iliyofuata. Hakurusha hata mpira mmoja. Wenzake walishinda 18 kwa 4 bila yeye. Mwaka 2024 Skenes alitajwa kuwa mchezaji mpya bora wa National League, na mkono wake mzima.

Nilisoma pia habari za Tommy John, ambaye mwaka 1974 alikatika kano ya ndani ya kiwiko. Daktari Frank Jobe aliitengeneza kwa kano aliyoitoa katika mkono wake wa pili. Tangu hapo warushaji wengi wamepasuliwa vivyo hivyo, na miongoni mwao wamo wanafunzi wa sekondari. Ndiyo maana sheria za Little League zasema kijana wa miaka 13 hadi 16 asirushe zaidi ya mipira 95 kwa siku. Nami nina miaka 16.

Nilirudi kwa mwalimu nikasimama mlangoni. Kabla sijasema neno akaniuliza, "Siku ile kiwiko kilikuwa kikiuma?"

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu. Nilikuficha. Nisamehe."

Hakunigombeza. Alinipeleka kwa daktari, nikaamriwa nipumzike wiki sita. Kisha akanipa zile punje za mahindi, nikae benchini niwahesabie wadogo zangu.

Jumamosi iliyopita ilinibidi kumwambia mwalimu kwamba hesabu ya kijana mmoja imetimia. Kijana yule alipotolewa alinitazama kwa macho makali, wala hajanisalimu mpaka leo. Simlaumu. Basi, wenzangu, mwalimu akinyosha mkono auombe mpira, mpeni, na kama mwaumwa, semeni mapema. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.