Wati 350

Mashine ya mama inakula wati 350. Hiyo namba nimeibeba kichwani kama vile wengine wanavyobeba PIN ya benki. Ni mashine ya oksijeni, kimo chake kama mtungi mkubwa wa gesi ya kupikia uliowekewa magurudumu. Inavuta hewa ya kawaida ya sebuleni, inachuja naitrojeni, halafu inampelekea mama oksijeni kupitia mrija mwembamba puani. Lita mbili kwa dakika, usiku na mchana. Stima ikipotea inalia, mlio unaokusimamisha kabla hujafungua macho.

Daktari alimuuliza kama amewahi kuvuta sigara. Mama akacheka hadi akakohoa. Haya, na kuni? Kuni amepikia tangu akiwa msichana, mawe matatu, jikoni isiyo na dirisha kule Murang'a, hadi nilipomleta kwangu Ruiru akiwa na miaka 63. Kumbe ule moshi hautoki wote na mlango. Mwingine hubaki kifuani, unangoja uzeeke.

Sasa, mtaa wetu mvua ikinyesha stima inaenda. Upepo ukivuma inaenda. Siku nyingine jua limewaka, hakuna hata jani linalotikisika, na bado inaenda. Kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa mtu anauliza, "Imepotea kwa nani mwingine?" na sisi wote tunajibu "huku pia", kama watu wanaoitikia sala. Kwa wengi hiyo ni kero ya friji na Wi-Fi. Kwetu ilikuwa kukimbilia mtungi wa akiba uliojazwa oksijeni, ambao unakaa masaa kadhaa halafu unaisha. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA. Watu walikuwa mtandaoni wakitunga vichekesho, na vingine vilikuwa vizuri kweli. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na tochi ya simu nikiangalia mshale wa mtungi ukishuka. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu nilikuwa kwa ofisi ya sacco, nimeshika fomu ya mkopo.

Nikisema nimeweka sola watu huniambia hongera kwa kutunza mazingira. Asante, lakini hapana. Umeme wa Kenya, ule unaokuja na waya, sehemu yake kubwa tayari ni safi: mvuke wa Olkaria, maji ya mto Tana, upepo wa Turkana. Shida yangu haikuwa mahali stima inatoka. Shida ilikuwa kama itafika.

Jamaa wa kwanza alikuja na shati la kampuni na tabasamu. Alipiga picha paa, akauliza bili ya mwezi ni ngapi, akaniahidi nitaisahau. Bei yake ilikuwa ya kuvutia sana. Nikamuuliza, na stima ikipotea? Akaanza kuzunguka. Sola ya aina yake, isiyo na betri, imeunganishwa na waya wa nje na hujizima stima inapopotea, ili isimpige shoti fundi aliye juu ya nguzo akitengeneza laini. Ni sababu nzuri, siipingi. Lakini inamaanisha unaweza kuwa na paneli kumi juu ya kichwa, jua la saa sita limewaka, na nyumba ni giza.

Wa pili alikuwa fundi mwenye leseni ya EPRA na kiatu kimoja kilichopasuka. Hakuuliza bili. Aliuliza, "Usiku mnatumia nini?" Nikampeleka kwa mama. Akamsalimia, "Shikamoo shosho," akachuchumaa kando ya mashine, akasoma kibandiko cha nyuma, kisha akaandika kwa kiganja chake na biro. Wati 350 mara masaa 12 ya giza ni yuniti 4.2. Betri moja inabeba yuniti 5, na huwezi kuikamua yote. Weka friji, weka taa, weka asubuhi yenye mawingu ambapo jua linachelewa kama mtu wa serikali.

"Moja inatosha kwa karatasi," akasema. "Lakini huyu ni mzazi. Weka mbili."

Paneli kumi za wati 550, inverta ya kilowati 5, betri mbili. Laki saba na themanini, miaka minne ya kulipa. Nilifanya hesabu nikaona gari langu la ndoto likipita polepole, likinipungia mkono.

Walikuja Jumamosi, yeye na msichana mmoja wa kama miaka 22 aliyepanda juu ya mabati kana kwamba anapanda kitanda chake. Mama alihamishia kiti dirishani, mrija ukimfuata, akamsimamia kazi kutoka chini. "Wewe msichana, umekula?" Alikuwa amekula. Mama akaagiza chai na chapati hata hivyo. Paneli walizielekeza kaskazini. Nilidhani jua letu liko juu tu, basi, lakini Nairobi na viunga vyake viko kusini kidogo ya ikweta, kwa hivyo Juni na Julai, wakati wa baridi na mawingu, jua hupita upande wa kaskazini. Unalitafuta pale linapokuwa haba. Wakaziinamisha kidogo pia ili mvua izioshe vumbi. Shawa ya maji moto waliiacha kwa stima ya nje, kwa sababu ile kitu peke yake inaweza kumaliza nguvu yote ya inverta.

Saa kumi na moja jioni fundi akasimama mbele ya swichi kuu. "Nazima stima ya nje. Tuone."

Nilifungua mtungi wa akiba, nikaushika. Mama akanitazama, akautazama mtungi, akasema, "Kwani unaenda vita?" Fundi akabonyeza chini. Taa ya sebule ikapepesa mara moja. Tulingoja ule mlio. Mashine ikaendelea kunguruma kama paka. Mama ndiye aliyevunja kimya. Alitaka kujua kama msichana atabeba chapati zilizobaki.

Siku hizi nasoma kwa grupu kwamba stima imepotea, na siwezi kuandika "huku pia". Huwa sijui niandike nini. Majirani wanajua, maana usiku nyumba yetu inaonekana kutoka barabarani. Watoto wa ploti ya nyuma huja kufanya homuweki kwa veranda, simu zinajipanga ukutani, hiyo haina shida, simu ni kitu kidogo. Lakini dada anayeuza samaki aliniomba tumwashie friza yake, na nikakataa. Friza ingekula sehemu ya usiku wa mama. Nilimwambia hivyo, kwa namba, nikamwonyesha. Alielewa, au alisema ameelewa. Mama hakunisemesha hadi jioni. Yeye angemwashia. Alilelewa na watu wanaogawana moto kwa kigae.

Ni Julai sasa. Kila asubuhi mama anasukuma mashine yake hadi koridoni, anavaa miwani, anasoma skrini ya inverta jinsi alivyokuwa akisikiliza utabiri wa hali ya hewa kwa redio. Leo amerudi akaniambia betri zimeamka na asilimia 31, mawingu ni mengi, na ile shati yangu ya kazi niivae na mikunjo.