Mazuku: pua haiijui, mwanga unaijua

MAKOBOLA, FIZI – Aliyewahi kuishi pembeni ya Goma analijua neno mazuku: hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi ya volkano na kujaa mabondeni. Ni gazi karboniki. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida; ndiyo maana mbuzi, au mtoto aliyelala chini, hufa kabla ya mtu mzima aliyesimama.

Lakini gazi hii hunyonya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, hasa wenye urefu wa wimbi wa mikromita 4,3. Mashine hupima mwanga uliopotea, ikajua gazi ni kiasi gani. Leza za «chanuo» hutoa rangi nyingi zilizopangwa sawasawa kama meno ya chanuo, hivyo hazichanganyi gazi karboniki na metani. Kwa kazi hiyo John Hall na Theodor Hänsch walishiriki tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Udongo wa Makobola si wa volkano, ila vita huhamisha watu, na anayekimbia hana mashine. Ukifika penye mawe ya volkano, usitandike mkeka bondeni. Ukikuta ndege au panya wamekufa hapo, panda juu haraka na watoto.