Mtu wa Pili

Siku moja ya michezo shuleni kwetu kijana mmoja alitupa tufe akawa wa pili, naye akaenda nyuma ya darasa kulia. Sisi tuliokuwa mwalimu wake tulimfuata, na badala ya kumtuliza tukamwambia mbele ya wenzake kwamba wa pili ndiye wa kwanza wa walioshindwa. Wenzake wakacheka. Tangu siku ile hakulishika tufe tena.

Baadaye tulisoma habari za Nikolaos Georgantas, tukaona haya. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1880 huko Steno, katika jimbo la Arcadia, nchi ya Uyunani, yaani Ugiriki. Kurusha kisahani ni mchezo wa wazee wake wa kale. Mwaka 1904 alivuka bahari kwenda St. Louis, Marekani, kushindana katika Michezo ya Olimpiki. Huko Wamarekani wawili, Martin Sheridan na Ralph Rose, walifika mita 39.28 kila mmoja, hata ikawapasa kurusha tena ili mshindi ajulikane, akawa Sheridan. Georgantas alifika mita 37.68, akawa wa tatu.

Mwaka 1906 mashindano yalifanywa Athens, mji mkuu wa nchi yake. Sheridan alikuja tena, akarusha kisahani mita 41.46, Georgantas mita 38.06, akawa wa pili. Palikuwa pia na kurusha kwa namna ya kale, mrushaji akisimama juu ya jukwaa dogo lililoinama. Je, Myunani angeshindwa katika jambo la Kiyunani? Alishindwa. Verner Järvinen wa Ufini alirusha mita 35.17, naye Georgantas mita 32.80. Wa pili tena, tena mbele ya watu wa kwao.

Lakini katika mashindano hayohayo palikuwa na mchezo wa kutupa jiwe la kilo 6.4. Georgantas alilitupa mita 19.925, na aliyemfuata, kwa mita 19.035, alikuwa Sheridan yuleyule. Kama angaliweka chini kisahani chake kwa uchungu wa St. Louis, nani angalimwona Athens akiinua jiwe?

Labda msomaji atasema kwamba mchezo ule wa jiwe haukuendelea, na kwamba mashindano ya mwaka 1906 hayahesabiwi leo na Halmashauri ya Olimpiki. Ni kweli. Wala Georgantas hakungoja kuhesabiwa: mwaka 1908 alikwenda London kushindana tena, akarudi bila nishani. Alikufa mwaka 1958.

Basi tulimwita yule kijana, tukamwomba radhi mbele ya wenzake walewale, kwa kuwa neno lilisemwa mbele yao. Akaitikia kwa adabu, "Ndiyo, Bwana Mwalimu," akaenda zake. Tufe lingali ghalani, wala hajaliomba.

Ndugu waalimu, mtoto aliyetupa vibaya leo aweza kutupa tena kesho, na kamba ya kupimia itamngoja. Lakini neno tulitupalo sisi halipimwi kwa kamba, wala hatujui litakakoanguka. Na tulipime kwanza, lingali kinywani.