Hadithi Niliyomsomea Nyanya

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu nilikuwa na desturi ya kuingia maktaba kila jioni, si kwa bidii ya elimu, bali kwa sababu maktaba ilipata upepo. Bweni letu lilikuwa limeezekwa kwa mabati, na joto la mwezi wa Februari lilikaa ndani yake hata usiku wa manane. Hivyo ndivyo nilivyokutana na kitabu ambacho nataka kuwasimulia habari zake, ninyi vijana mnaosoma kurasa hizi. Hakikuwa katika orodha ya vitabu vya mtihani. Jalada lake lilikuwa limechanika, na aliyekisoma kabla yangu alikuwa ametia alama ukurasa aliokomea kwa tikiti ya basi.

Kitabu chenyewe ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1948 akahamia Uingereza katika ujana wake. Jina lake lilivuma duniani kote alipopewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka wa 2021, lakini mimi nilimsoma miaka mingi kabla ya hapo, na hapana aliyekuwa amenitajia. Riwaya hiyo ilitolewa mwaka wa 2005 kwa lugha ya Kiingereza. Inaitwa Desertion, yaani tendo la mtu kumwacha aliyemtegemea.

Inaanza mwaka wa 1899 katika mji mdogo wa pwani yetu ya Kenya. Alfajiri moja mwenye duka aitwaye Hassanali anakwenda kufungua msikiti, akaona kitu kama kivuli kikimjia gizani. Alidhani ni jini. Kumbe alikuwa Mwingereza, Martin Pearce, aliyechoka hata kukaribia kufa. Hassanali akampeleka nyumbani kwake, na katika nyumba hiyo alikuwamo dada yake, Rehana. Pearce na Rehana wakapendana. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, huko Unguja, kijana Amin anampenda Jamila, mwanamke aliyekwisha kuachika. Wazazi wa Amin wanamkataza katakata, maana Jamila ni mjukuu wa Rehana, na aibu ya bibi ilikuwa bado haijasahauliwa. Amin aliwatii.

Nilipofika hapo nilikitupa kitabu kitandani kwa hasira. Amin naye alikuwa mwanafunzi wa ualimu kama mimi, na wazazi wake wote wawili walikuwa walimu. Nilimwona kijana dhaifu kupita kiasi. Nikajiambia kuwa mimi nisingalikubali, na usiku ule nilihutubu juu ya jambo hilo mpaka wenzangu wakaniomba nizime taa.

Walakini nilikiokota tena, nikakisoma mara ya pili kabla ya kukirudisha. Kilichonivuta ni jambo moja ambalo sikupata kuliona katika riwaya nyingine. Msimulizi, ambaye ni Rashid, ndugu yake Amin, anafika mahali pa kueleza jinsi Mzungu yule na Rehana walivyofikiana, kisha anasimama, anakiri ya kuwa hajui. Hapana aliyemwambia. Kwa hiyo analazimika kubuni. Mwalimu wangu wa fasihi angaliita hiyo ila katika ufundi. Mimi niliona ndiyo kweli tupu, kwa kuwa hata kwetu mambo ya wazee yalisimuliwa hivyo hivyo. Maneno yakifika mahali fulani, mtu alikohoa, akaomba maji.

Likizo ilipofika niliazima kitabu kile nikaenda nacho nyumbani, Mombasa, Mji wa Kale. Nyanya yangu alikuwa amepita miaka themanini. Macho yake yalikuwa mabovu, ila vidole vyake vilisuka ukili bila kukosea. Nilikaa mkekani karibu naye nikawa namsomea, nikifasiri kila sentensi kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza. Alifurahi sana na Hassanali na hofu yake ya jini. Siku ya pili nikafika kwenye habari za mume wa kwanza wa Rehana, mfanyabiashara Mhindi aitwaye Azad, aliyesafiri akaahidi kurudi, asirudi tena.

"Rudia hapo, mume wangu," akasema nyanya, maana ndivyo alivyoniita kwa utani wa mjukuu na bibi.

Nikarudia.

"Alimngoja miaka mingapi?"

Nikaanza kupekua kurasa nimpatie jibu. Ukili ulikuwa umesimama mkononi mwake.

"Mimi nilingoja minne," akasema.

Sisi watoto tulijua tangu zamani kwamba nyanya hapiti karibu na Bandari ya Kale wakati wa kaskazi. Tulidhani hapendi harufu ya papa mkavu. Jioni ile nikajua kwamba kabla ya babu aliolewa na baharia wa chombo kilichotoka upande wa Arabuni. Chombo kilikuja na kaskazi, kikaondoka na kusi, na mume alipoondoka nyanya alikuwa na mimba. Alisema atarudi na kaskazi ya pili yake. Kwa misimu minne nyanya alimtuma mtoto wa jirani bandarini akaulize majina ya vyombo vilivyotia nanga. Baadaye baba yake akampeleka kwa Kadhi, ndoa ikavunjwa, na babu, aliyekuwa fundi cherehani, akamwoa na kumlea yule mtoto kama wake. Mtoto huyo ni Baba Mkubwa. Tulimwita hivyo maisha yetu yote, na hatukupata kuwa na haja ya kusoma jina la tatu katika cheti chake.

Nyanya alisimulia bila kulia. Akauliza kama yule Mzungu naye alimwacha Rehana. Nikatangulia kurasa, nikamwambia kwamba hatimaye alirudi kwao. Akacheka kidogo. "Basi aliyeandika alikaa na wanawake wazima akasikiliza," akasema. Kisha akauliza: "Na mtoto wa Rehana, alikuwaje?" Nikamjibu kwamba tutafika huko kesho.

Usiku ule baba aliniita ukumbini. Alikuwa amekwisha kusikia. Hakupaza sauti. Alisema kwamba kuna mambo ambayo babu aliyafunika kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba nisikisome kitabu kile tena katika nyumba yake. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Maneno yangu yalikuwa hayo mawili tu. Mimi niliyemkemea Amin mbele ya bweni zima sikutafuta hata udhuru. Sikutambua neno hilo usiku ule, nililitambua kesho yake, nyanya aliponiuliza, "Leo husomi?" nami nikamwambia kwamba macho yananiuma. Siku ya tatu nikamwambia kwamba chuo kimekitaka kitabu chao. Hakuuliza tena. Alikuwa mtu mzima, na nadhani alijua.

Alifariki miaka miwili baadaye, nami nilikuwa nimekwisha kuanza kufundisha. Kwa mshahara wangu wa kwanza nilikuwa nimenunua nakala yangu ya riwaya ile, na nimeisoma mara nyingi tangu hapo. Amin simwiti dhaifu tena, ingawa bado sijaweza kumsamehe kabisa. Huenda ni kwa sababu namfahamu mno.

Baada ya siku za matanga, wageni walipokuwa wamekwisha kutawanyika, Baba Mkubwa alinikuta nimekaa barazani peke yangu. Ni mtu wa maneno machache, na Kiingereza hakijui. Alikaa, akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Mama aliniambia kwamba ulikuwa ukimsomea kitabu," akasema. "Unacho?"

Nikasema ninacho. Nikataka kumweleza habari za baba na ahadi yangu, akanizuia kwa mkono.

"Baba yako nimekwisha kusema naye. Kilete. Anza pale alipokomea mama."

Nikaenda kukileta.