Kutoka Selo Hadi Isanga

Buswelu ya Mwanza, miaka ya tisini, ilikuwa mihogo, mawe na ng'ombe. Kijana wa jirani yetu alipougua akili, aliishia kumjeruhi mtu kwa panga kisimani. Wanaume walimfunga kamba, wakamkabidhi polisi. Aliyetaja hospitali ni mama yake peke yake. Alikuwa na kikaratasi cha zahanati chenye jina la dawa za mwanawe, amekifunga kwenye pindo la kanga, na kila siku ya kuona mahabusu alikifungua mbele ya askari wa zamu. "Mayu, hicho kampe hakimu," walimwambia. Mahakamani kesi ilitajwa tu, upelelezi haujakamilika, kijana akarudishwa rumande bila dawa. Akawa anaongea na ukuta.

Kinachoniuma ni kwamba sheria ilikuwepo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inairuhusu mahakama kuahirisha kesi na kuamuru mshtakiwa apelekwe hospitali ya akili akachunguzwe. Kwetu hiyo ilikuwa safari ya Dodoma, kilomita 700 hivi, hadi Mirembe, hospitali ya tangu 1927, na Isanga, wanakowekwa wagonjwa wenye kesi. Alipofikishwa huko hatimaye, akaanza sindano ya kila mwezi. Haikupita muda akawa anawaulizia wadogo zake kwa majina. Angeweza kuipata sindano hiyo hapahapa Mwanza, kabla afya yake haijaharibika kiasi kile.

Leo Buswelu ni makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, ina lami na ofisi za kila aina. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 imechukua nafasi ya ile ya kikoloni. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa 1971, ina huduma ya wagonjwa wa akili, na haiko mbali. Lakini mgonjwa akivunja kioo cha duka, bado anapigwa kwanza, kisha selo. Hata aliyejaribu kujiua bado ni mshtakiwa kwa Kanuni yetu ya Adhabu, wakati Mahakama Kuu ya Kenya ilishatamka Januari 2025 kwamba kosa hilo linakiuka Katiba yao.

Ninachokiomba hakihitaji jengo jipya. Askari wa kaunta awaulize ndugu kama mtuhumiwa ana kadi ya kliniki. Kama anayo, gari la polisi limpeleke Bugando kwanza. Upelelezi uendelee akiwa wodini.