"TUTAMLINDA": NENO ALILOAMBIWA NABII YAKUBU



Ndugu yangu mzazi, leo tumzungumze mtoto wako anayetoka nyumbani saa kumi jioni, njumu begani, anakwenda mazoezini.

Unakijua kisa cha Nabii Yusuf (a.s). Kaka zake walimwomba baba yao wamchukue aende akacheze. Mzee aliposita, wakampa ahadi: tutamlinda. Usiku walirudi wanalia, wameleta kanzu yenye damu ya uongo.

Sasa tazama jambo ambalo wengi tunalipita. Miaka baadaye walikuja kumtaka mdogo wake Yusuf, wakarudia neno lilelile: tutamlinda. Nabii Yakubu akasema kwamba Allah ndiye Mbora wa kulinda. Lakini hakuishia hapo. Alikataa kumtoa mtoto mpaka wampe ahadi nzito kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mtume mwenye tawakkul ya juu kabisa, na bado aliweka sharti.

Wewe umeweka sharti gani kwa kocha wa mwanao?

Sikwambii umtoe mtoto kwenye timu. Mtume wetu (s.a.w) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a). Michezo ni afya, na inawaepusha vijana na mengi. Wala sisemi makocha ni wabaya. Wengi wananunua mipira kwa pesa zao wenyewe, Allah awalipe. Lakini anayetaka kudhuru watoto naye huja na upole na zawadi. Kule Marekani, Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki. Aliwadhalilisha mabinti kwa miaka mingi akisingizia matibabu, wakati mwingine mzazi akiwa chumba hichohicho. Wapo waliosema mapema, wakaambiwa hawakuielewa tiba. Januari 2018 alihukumiwa miaka 40 hadi 175, baada ya maelezo ya wanawake zaidi ya 150 kusikilizwa mahakamani.

Basi shika masharti haya:

1. Kocha asibaki faraghani na mtoto mmoja, iwe chumba cha kubadilishia nguo, nyumbani kwake au kwenye gari.

2. Mtoto akiumia, achuliwe mbele ya mtu mzima mwingine. Binti ahudumiwe na mwanamke.

3. Ujumbe wa timu uje kwa wazazi. Kocha hana la kuchati na mtoto usiku.

4. Timu ikisafiri, ujue watoto wanalala wapi na nani anawasimamia. Mtu mzima asilale nao chumba kimoja.

5. Akija mtu na jezi na ahadi za majaribio mjini, usimkabidhi mtoto. Nenda naye mwenyewe.

Utasema kocha ataudhika. Mtume (s.a.w) alikuwa akimsindikiza usiku mkewe, Bi Safiyya (r.a), wakapita Ansari wawili. Aliwasimamisha akawaambia huyu ni Safiyya, ili shetani asitie kitu nyoyoni mwao. Ikiwa yeye aliondoa shaka, kocha wa mtaani ni nani asiondoe? Na sisi walimu wa madrasa tuwekewe masharti hayohayo, tusikunje uso.

Na likitokea, Allah atuepushe, usiniletee hoja ya sitara. Sitara ni kwa aliyeteleza baina yake na Mola wake. Mtoto aliyedhulumiwa ana haki yake, na ukiyamaliza kwa kikao cha wazee na fidia, mtu huyo atahamia timu ya pili kwa watoto wengine. Mpeleke mtoto hospitali na polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, siku hiyohiyo. Usimwogeshe kwanza wala usifue nguo zake. Kanzu ya Yusuf iliyochanika kwa nyuma ndiyo iliyotoa ushahidi kuwa ni mkweli. Tanzania na Kenya, namba ya kusaidia watoto ni 116, kupiga ni bure.

Lakini kumbuka pia: ushahidi ulionekana, na bado Yusuf alifungwa, ili wakubwa wasiaibike. Ndivyo tunavyowafanyia watoto wetu tunapowaambia wanyamaze kwa sababu mtuhumiwa ni mtu wa heshima. Mtoto aliyeupenda mpira akakataa ghafla kwenda mazoezini, usimchape. Kaa naye, muulize taratibu, na akisema, mwambie: nakuamini, hukukosea.

Jioni ya leo, kabla ya Magharibi, pita uwanjani. Msalimie kocha, mshukuru, ujue jina lake na mahali anapoishi, kisha mwambie masharti yako. Wazazi watatu wakifanya hivyo, timu nzima itakuwa salama zaidi.

Ewe Allah, Wewe ndiye Mbora wa kulinda. Walinde watoto wetu, waponye waliodhulumiwa, na utupe ujasiri wa kusema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mzazi mwenzio.